Bip Tatu za Jumamosi

Mtu asikudanganye kwamba bip haina mwenyewe. Mimi ndivyo nilivyodhani. Unapiga, inaita mara moja, unakata, hela haikatiki, yamekwisha. Nani ataandika kitu ambacho hata hakijalipiwa?

Ilikuwa Jumatatu ya pili sijajibiwa. Nauza dagaa sokoni Bariadi, na kila Jumatatu saa nne asubuhi nilikuwa nambip mwanangu Elina aliyeko Nassa, naye ananibip. Bip moja, nipo mzima. Mbili, naumwa. Tatu, nimejifungua. Mimba ilikuwa imeshatimia, na simu kimya. Nikawa nawapimia wateja kopo lisilojaa, wakilalamika nawajibu vibaya. Mama mmoja akaniuliza, "Milembe, mbona leo umevimba?" Nikamwambia akanunue kwa jirani.

Kuongea nisingeweza. Miaka miwili nyuma Elina alimkataa mchumba ambaye ng'ombe wake walikuwa wameshaingia zizini kwetu, akaenda zake na Imrani, kijana wa duka la vitenge. Ng'ombe wakarudishwa mchana kweupe, watu wanatazama. Siku hiyo mume wangu, Novatus, akasema jina la Elina lisitajwe tena nyumbani kwake, na kwamba nikiongea naye nimfuate hukohuko. Akaniapisha, nikaapa. Lakini bip si kuongea. Hapo kiapo changu hakikuguswa, na nilijiona mjanja.

Sasa niambieni, mwanamke ambaye mtoto wake wa kwanza ni Elina atamwitaje mumewe kama si Baba Elina? Nikakosa la kumwita, nikawa namwita "wewe". Naye akaanza kuniita Milembe, jina ambalo hakuwa amelitumia tangu posa. Majirani nao wakafuata.

Laini ya Elina alipewa na Salu wa pikipiki, anayeniletea magunia ya dagaa na habari za mwanangu kutoka Nassa. Kampuni za simu zilikuwa zinagawa laini mnadani kama karanga, halafu serikali ikasema kila laini iandikishwe jina. Kitambulisho nani alikuwa nacho? Salu akaiandikisha laini ya Elina kwa jina lake mwenyewe. Yangu iliandikishwa kwa kadi ya kura ya mume wangu. Hakuna aliyeona ubaya.

Kesho yake, Jumanne, mgambo akaleta wito wa polisi. Umeandikwa jina la Novatus, kwa kuwa ndiye mwenye laini, lakini tuliitwa wote wawili.

Ofisa alikuwa mgeni, ametoka mkoani. Mume wangu alimsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka", yeye akajibu, "Kaeni." Mezani palikuwa na karatasi ndefu za kompyuta, zimejaa namba, nyingine zimepigiwa mstari kwa wino mwekundu.

"Mzee, laini hii ni yako?" Akaisoma namba.

"Anaitumia mke wangu."

"Mama, Salu unamfahamu?"

"Ananiletea dagaa."

"Ng'ombe arobaini wameibwa Bukundi, na Salu hajulikani alipo. Laini hii nyingine ni yake. Kila Jumatatu saa nne unampigia, naye anakupigia. Sekunde sifuri. Miezi kumi na minne, mama. Watu hawapigiani miezi kumi na minne bila kuongea. Hizi ni ishara."

"Mmezitoa wapi?" nikauliza.

"Kampuni inatunza. Hata zisizopokelewa."

Nilijihisi nimevuliwa nguo. Miezi yote ile niliyodhani ni yangu na mwanangu imelala mezani kwa mtu ambaye hata maji hajawahi kunywa kwangu. Na hawakukosea. Ile Jumatatu niliyochelewa kwa sababu ya mvua ilikuwepo, saa tano kasorobo. Nilikasirika. Nikinyamaza, mimi ni mwenzake mwizi. Nikisema, sina ndoa.

Ofisa akageuza karatasi. "Na hizi je? Jumamosi, tarehe kumi na tisa. Safari hii laini ya Salu ndiyo iliyokupigia, mara tatu mfululizo. Sifuri, sifuri, sifuri. Usiku uleule zizi la Bukundi likavunjwa. Tatu maana yake nini?"

Jumamosi ile simu yangu ilikuwa dukani kwa Mwanne inachajiwa, imezimwa. Nilipoiwasha haikuonyesha kitu chochote.

"Amejifungua," nikasema. Wala sikupanga kusema.

"Nani?"

"Elina. Hiyo laini anayo mwanangu, si Salu. Bip tatu ni kwamba amejifungua. Baba Elina, mtoto amejifungua na mimi sikujua."

Jina likatoka hivyo, mara mbili, mbele ya polisi. Nikaanza kulia, na sijui nililia furaha au woga. Mume wangu alikuwa anaitazama karatasi. Nikangoja anikane palepale. Akasogeza kiti karibu na meza.

"Saa ngapi?" akamuuliza ofisa.

"Nini?"

"Hizo tatu. Zilipigwa saa ngapi?"

Ofisa akafuata mstari kwa kalamu. "Saa kumi na mbili na dakika saba jioni."

"Kumi na mbili na dakika saba," mume wangu akarudia, polepole.

Ofisa hakulainika. "Hayo ni maelezo yenu. Jumapili yake tulipopewa namba za Salu tuliipiga hiyo. Mwanamke akapokea, nikamwambia ni polisi, nikamuuliza yuko wapi, akakata. Tangu hapo imezimwa. Anakaa wapi?"

"Umemtisha mzazi," nikamwambia. "Mtoto alikuwa hana hata siku moja."

"Anakaa wapi?"

"Sijui," akasema mume wangu. Na kweli hakujua, hakuwahi kukubali kuambiwa. Kisha akanitazama, akangoja.

"Na mimi sijui," nikasema.

Ofisa akaandika maelezo yetu, akaichukua simu yangu, akatuambia tusitoke Bariadi hadi atuite tena.

Nje mume wangu alisimama kwenye kibanda cha kwanza akanunua vocha. Akaikwangua kwa ukucha, akaiingiza kwenye simu yake, akasema, "Nitajie namba." Nikamtajia kwa kichwa.

"Unambip?" nikauliza.

"Napiga. Kama wanaandika, waandike dakika."

Akaiweka sikioni. Nilimsikia yule mwanamke wa mtandao akisema namba haipatikani kwa sasa. Tulipofika darajani akajaribu tena. Tulipofika mlangoni akanipa simu. "Mama Elina," akasema, "hebu jaribu wewe."

Leo ni siku ya nane. Tunapiga asubuhi, tunapiga jioni, na kwenda Nassa hatuthubutu, maana tutakuwa tumewaonyesha polisi njia hadi mlangoni kwake. Dagaa sipimi sawasawa. Usingizi sina, na mwenzangu hana. Sijui kama mwanangu anajua kwa nini polisi walimpigia siku ile, au anadhani ni mimi niliyemtaja. Mjukuu wangu sijui ni wa kike au wa kiume. Ninachojua ni saa aliyotangazwa, na hiyo ipo kituoni.