Wasubili

Kazi yangu gazetini ni kusoma kurasa kabla hazijaenda mtamboni na kuwasahihishia wenzangu makosa. Ila pua yangu haina adabu: nikiona bahasha isiyo na jina la mtumaji, situlii mpaka nijue imetoka wapi.

Hii ilikuwa na ripoti ya siri ya Wizara ya Maji. Wakubwa walijua visima vya mtaa wa viwandani vina sumu, wakaamua kunyamaza. Aliyeivujisha aliichapa upya mwenyewe, alama za mashine ya ofisini zisije zikamsaliti. Mhariri wetu, tunayemwita Mama Nukta kwa sababu nukta ikipotea hapakaliki, alikuwa ameshaithibitisha kwa mtu wa pili.

"Usiguse hata herufi," akaniambia. "Tukirekebisha kitu, watasema tumeipika."

Nikasoma huku nikijiuliza. Ni mwanamke au mwanamume? Ana watoto? Nikafika kwenye sentensi iliyochaguliwa kuwa kichwa cha habari: "Wananchi wasubili hadi uchaguzi upite."

Nikacheka, maana wanaogeuza r kuwa l ni wengi. Mbele kidogo nikakuta "halufu ya maji", kisha "taalifa", na kicheko kikanikauka. Mtu anayeandika hivyo hunitumia ujumbe kila akikawia: "Mke wangu, usinisubili." Ni karani wa wizara hiyo hiyo, na shati alilovaa siku ile nililipiga pasi mimi.

Kama mimi nimemjua kwa ukurasa mmoja, ofisi inayosoma barua zake kila siku ingemjua kabla chai haijapoa. Nilimwogopea na kumwonea fahari kwa pamoja, nikashindwa kukaa.

"Mama, naomba turekebishe tahajia," nikasema.

"Nimekwambia nini?"

"Makosa ya mtu ni kama mwendo wake, wanaomjua humjulia hapo. Na maji yakimwagika hayazoleki."

Akavua miwani, akanitazama. Swali lilikuwa linamwasha ulimini. Mwanahabari asiyetaka kujua bado hajazaliwa.

"Usinitajie," akasema mwishowe. "Nisilolijua hawatalitoa mdomoni mwangu. Sahihisha, na chini tuwaambie wasomaji kwamba tahajia tumeirekebisha."

Asubuhi mume wangu alikunywa chai gazeti likiwa mkononi, uso mkavu kama hana habari. Nilikuwa namchungulia. Mara akakunja uso.

"Nyie mlisoma kweli?" akauliza, kidole juu ya kichwa cha habari. "Hapa mmekosea. Ni l."

Nikamwona akilini mwangu yuko ofisini, wakubwa wamezunguka gazeti hilo, naye anawasahihisha kwa nia njema kabisa. Nikafunga mlango, nikavuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana.

"Baba watoto, hutoki kwenda kazini bila neno moja. Sema: subiri."

Akanitazama, akautazama mlango, akaelewa. Akakiweka kikombe mezani.

"Subili," akasema.

"Tena."