Mti Unaokomala Mbio

Tangu mwaka wa hamsini na tano sipendi kusikia kwamba kitu fulani kimekomala. Hata mtoto akisifiwa hivyo mbele yangu, moyo unanishtuka.

Kwetu Masisi neno hilo lina kazi mbili. Mtoto akirefuka, amekomala. Mti ukiwa mgumu wa kukataa shoka, nao umekomala. Mzungu wa kilimo alipotuletea vijiti vya mti wa Ulaya, pepulie, uliochanganywa mbegu, alisema kwa Kifaransa kwamba unarefuka upesi. Nestor, moniteri wa kilimo, yaani mwalimu wa wakulima, akatugeuzia kwa Kiswahili: "Muti huu unakomala mbio." Hakudanganya. Ila sisi tulisikia tulichokipenda: mti wa kurefuka haraka na kuwa mgumu haraka. Nani angeukataa? Tukafyeka miti yetu ya zamani kando ya mto, tukapanda huo.

Na kweli ulikua. Haikupita miaka mingi ukawa mrefu kuliko kanisa, umenyooka, na wanaume wa kilima chetu wakaingiwa na wazimu. Kipoyi chetu, kile kitanda cha kubebea wagonjwa mabegani, kilikuwa na miti miwili ya musave, mti wetu wa zamani, mizito, yenye vifundo, inayochubua ngozi. Kanyamibwa, mkubwa wa wabebaji, akaitoa, akatia ya pepulie. Aliinyanyua kwa mkono mmoja huku akiringa. Ile ya musave iliishia jikoni kwake, ikaivisha maharage.

Msimu wa mvua mdogo wangu Sidonie akashikwa na uchungu. Mtoto alikwama, ametanguliza mkono. Mama Nyirabagenzi, mkunga wetu, akanawa, akasema bila kututazama: "Mumupeleke ku hopitali. Mimi siwezi tena."

Hospitali ilikuwa ng'ambo ya bonde. Wanaume wanne walimbeba, mumewe Léonard akienda kando amemshika mkono, mimi nyuma. Sidonie alikuwa mwanamke mnene. Kanyamibwa akamtania: "Mama Sidonie, leo mabega yetu haitalia. Muti iko mwepesi!" Sidonie akacheka, maskini, katikati ya maumivu yale. Kicheko hicho kinaniuma mpaka leo.

Penye mteremko wa mto uzito wote ukawalemea wa mbele. Musave ukichoka hulia kwanza, mtu akapata nafasi ya kutua mzigo. Ule wa pepulie haukulia. Ulikatika ghafla kama muhogo mbichi unaovunjwa gotini, na Sidonie akaangukia mawe.

Niliokota kipande. Ndani kilikuwa cheupe, chepesi, pete zake pana, kila mwaka umepita mbio bila kuacha ugumu wowote. Nikambamiza nacho Kanyamibwa kifuani.

"Njo hii ulisema imekomala? Angalia! Ukucha yangu inaingia!"

Mimi sikumhurumia hata kidogo.

Léonard alichukua panga akakimbia kutafuta mti mwingine. Akaenda juu ya mto, akashuka chini ya mto. Kote kulikuwa na pepulie tupu, imejipanga vizuri kama alivyotuelekeza mzungu. Nilimsikia akiikata moja baada ya nyingine, kila moja akiikanyaga kuipima, kila moja ikivunjika, akilia kwa sauti.

Tulijaribu kumwinua Sidonie kwa mikono. Alipiga yowe ambalo sitaki kulieleza, na damu ikazidi. Tukamlaza tena kwenye majani. Bati la hospitali tuliliona kutoka pale, juu ya kilima cha pili, linang'aa baada ya mvua. Nililichukia bati lile.

Akatulia. Macho yalikuwa wazi lakini hayakunitafuta tena. Akashika kitambaa changu.

"Dada, njo tumefika?"

Wanaume wote walinigeukia. Léonard alikuwa amerudi, panga mkononi, amelowa mpaka kiunoni.

"Tumefika, Sidonie."

"Dokta iko wapi?"

"Iko ananawa mikono."

Akashusha pumzi, ya mtu aliyetua mzigo.

"Basi uambie baba hawa wapumuzike," akasema. "Niko muzito. Wamechoka sana juu ya kunibeba."

Kanyamibwa ndiye aliyekaa chini wa kwanza. Kisha wakakaa wote, matopeni, kwa sababu aliwaomba.