Zamu ya Inamahoro

Kitu cha kwanza nilichokiona ni inzi. Walikuwa wametanda kwenye dagaa tangu asubuhi, kama kawaida, kisha wakaanza kuondoka. Hawakuondoka kwa pamoja. Walipungua kidogo kidogo, na nilipoangalia tena, kwenye chanja iliyo karibu nami hapakuwa na inzi hata mmoja.

Hiyo ilikuwa Mwamgongo, mwezi wa pili mwaka huu. Sisi ni watu wa Rusimbi, lakini siku za giza, wavuvi wanapovua kwa taa, tunapanda boti Kibirizi na kwenda Mwamgongo kuanika dagaa. Mbalamwezi ikianza, wavuvi wanapumzika na sisi tunarudi nyumbani. Safari ile tulikuwa watano. Mama Mwinshehe ndiye mkubwa wetu; chanja za kuanikia ni zake na yeye ndiye anayechagua nani aende. Alikuwepo mama yangu, ambaye watu humwita Mama Adolf kwa jina la kaka yangu. Alikuwepo Happiness, jirani yetu, mwenye maneno mengi. Alikuwepo rafiki yangu Inamahoro, aliyezaliwa Rumonge upande wa Burundi na sasa anaishi Kasingirima kwa mjomba wake. Wa tano ni mimi, Rozalia.

Mwamgongo mlima umesimama nyuma ya kijiji. Mvua ikitokea huko huwezi kuiona ukiwa kwenye chanja. Unaiona ikiwa tayari iko kichwani. Kwa hiyo tunawekeana zamu. Mtu mmoja anakaa kwenye jiwe lililo ndani ya maji kidogo, mahali ambapo kilele chote kinaonekana, akiwa na karai tupu na kipande cha mti. Akiona wingu anapiga karai, na wote wanakimbia kukusanya dagaa na kuwafunika kwa turubai. Hana haja ya kuita mtu.

Siku ile zamu ilikuwa ya Inamahoro.

Asubuhi tulianika. Jua lilikuwa kali, na kufikia saa sita tulikuwa tumeshawageuza dagaa wote. Tulikula mchangani, ugali wa muhogo na samaki aina ya migebuka wa kuchoma, kutoka sinia moja. Kisha Happiness akajifunga kitenge kifuani na kuingia ziwani, na Mama Mwinshehe akamfuata akilalamika kwamba maji ni ya baridi, ingawa hayakuwa ya baridi.

Mama yangu alizaliwa Ujiji, lakini sikuwahi kumwona akiingia ziwani kupita magoti. Happiness alimtupia dumu tupu lililofungwa kifuniko.

"Shika hilo, Mama Adolf. Halizami."

"Na mimi je?"

"Wewe ukizama tutakuja kukuangalia."

Mama aliingia. Alilikumbatia dumu na kupiga miguu, na maji yakaruka hadi kwa Mama Mwinshehe.

"Unaogelea au unafua?" Mama Mwinshehe akamuuliza.

"Inamahoro!" mama akaita. "Wewe mtoto wa Rumonge, njoo unifundishe, hawa wananicheka tu!"

Inamahoro alisimama juu ya jiwe. Mimi nilikuwa nimekaa chini yake, miguu ndani ya maji, kwa sababu siku zote hukaa pembeni na siku zote hukaa karibu na Inamahoro. Alipokuwa anashuka aliniwekea karai magotini.

"Nishikie dakika mbili," akasema kwa sauti ya chini.

Nikatikisa kichwa kukubali. Hakuna mwingine aliyesikia, na kukaa kwangu pale hakukuwa jambo la kumfanya mtu ageuke.

Inamahoro alimshika mama tumbo kwa mkono mmoja. "Nyoosha miguu, mama. Siyo hivyo. Unapiga kama unakanyaga udongo wa matofali."

"Ndiyo kazi niliyozoea!"

"Basi matofali yako leo yatakuwa laini."

Mama akacheka, akameza maji, akakohoa, akacheka tena. Dumu likamtoka, akamshika Happiness shingoni, wote wawili wakazama kidogo na kuibuka wakipiga kelele. Mama Mwinshehe alicheka hadi akakaa chini ndani ya maji.

Hapo ndipo inzi walipoondoka. Nikainua macho. Wingu lilikuwa linapita juu ya kilele, jeusi upande wa chini. Kipande cha mti kilikuwa mkononi mwangu. Nilimtazama mama, nikatazama wingu, nikamtazama mama tena. Sikupiga.

Mvua ilianza na matone makubwa yaliyo mbali mbali. Walipotoka majini na kufika kwenye chanja, dagaa wote walikuwa wameloa. Tulifunika tulichoweza. Kufikia asubuhi dagaa walikuwa wameanza kulainika na kutoa harufu, na Mama Mwinshehe akawatoa kwenda kuwa chakula cha kuku. Kazi ya siku tatu ilikuwa imepotea.

"Zamu ilikuwa ya nani?" Mama Mwinshehe alikuwa ameuliza jana yake, pale pale mvuani.

Wote walimgeukia Inamahoro. Yeye alinitazama mimi, mara moja tu, kisha akatazama chini.

"Yangu, mama."

"Na ulikuwa wapi?"

"Majini."

"Nimeweka macho kwenye jiwe, kumbe macho yenyewe yanaoga." Mama Mwinshehe alikamua kitenge chake. "Safari nyingine usije."

Mama yangu alikuwa ameinama. Alikuwa anaokota dagaa walioanguka.

Ndani ya boti ya kurudi nilimuuliza Inamahoro kwa nini hakunitaja.

"Nikimtaja mtoto wa Mama Adolf, nani ataniamini? Watasema Mrundi anatafuta wa kumsingizia. Wewe ndiye wa kusema, Rozalia."

"Nitasema."

"Ego," akajibu. Ndiyo, kwa lugha ya kwao.

Sikusema. Mwezi wa tatu tulikwenda bila yeye, na mwezi wa nne pia. Nilikuwa naenda kwake Kasingirima Jumapili, tunasukana nywele, na hakuniuliza. Mwezi wa tano akaniambia kwamba mjomba wake amepata shamba Kasulu na anahama. Kama yeye Inamahoro hana kazi ya kumweka hapa, itabidi aende kulima naye. Angejaribu kumwomba Mama Mwinshehe mara moja, siku ya safari. Akikataliwa, kesho yake anapanda basi.

Siku ya safari alikuja Kibirizi asubuhi na mfuko wake. Boti ilikuwa inapakia magunia ya unga. Alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kutuaga?"

"Nimekuja kuomba nafasi yangu."

"Nafasi yako waliila kuku," alisema Mama Mwinshehe, na baadhi ya watu waliokuwa wanasubiri boti wakacheka.

Inamahoro hakunitazama safari hii. Aliinama kuchukua mfuko wake. Alikuwa ameshaupandisha begani niliposema. Sauti ilitoka ndogo, nikalazimika kurudia.

"Zamu ilikuwa yangu."

"Unasemaje?" Mama Mwinshehe akauliza.

"Inamahoro alinipa karai. Mama alipomwita. Mimi ndiye niliyekuwa nalo, na wingu nililiona."

Happiness alifunika mdomo. Mama Mwinshehe alimgeukia Inamahoro. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Na ukanyamaza miezi mitatu?"

"Ungeniamini?"

Mama Mwinshehe alimsogelea Inamahoro. Alichukua ule mfuko begani kwake, akampa mtu wa boti, naye akauweka juu ya magunia. Kisha akaniambia, "Wewe safari hii utabaki nyumbani. Na inayofuata nitaifikiria."

Mama alinishika mkono, akasimama kati yangu na wale watu.

"Mama Mwinshehe, huyu unamjua. Ameishia darasa la tano, na miaka yote hiyo mwalimu hakuwahi kuisikia sauti yake. Hata dukani anaonyesha kwa kidole. Ni aibu tu ilimshinda. Msamehe."

Watu walitikisa vichwa kukubali. Mama Mwinshehe alivuta pumzi, nikaona uso wake unalegea. Kilichobaki kilikuwa mimi kuinamisha kichwa, kama ninavyofanya siku zote, na ningepanda boti pamoja nao.

"Si aibu, mama," nikasema. "Kupiga karai hakuhitaji sauti. Ulikuwa unacheka. Tangu baba afe sikuwa nimekusikia ukicheka, na nilijua nikipiga utatoka majini. Nikaacha mvua inyeshe."