Matuta ya Mhina

"Sichimbi! Matuta ni mambo ya Mwingereza," alisema mume wangu, Mhina, akalisukuma jembe uvunguni kwa mguu. "Baba yangu alifungwa kwa kuyakataa. Leo niyachimbe mwenyewe? Kamati ya kijiji itaniita kibaraka."

"Mwingereza kaondoka mwaka wa kumi na nne huu, baba Zamda. Sasa udongo ndio unamfuata."

"Hiyo diploma ya kilimo inakuwasha."

"Inaniwasha. Njoo uone."

Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika. Nilikuwa nimefukia makopo mawili ya samli kwenye mteremko, midomo usawa wa ardhi. Moja lilikuwa chini ya migomba, penye majani makavu. Jingine chini ya mahindi, tulipopalilia hadi ukabaki udongo mtupu. Mvua ilikuwa ile ile. La migombani lilikuwa na maji ya vidole viwili, safi. La mahindini lilifurika, jekundu, na nilipolimwaga lilibakiza tope hadi nusu.

Mhina alichovya kidole kwenye tope. Wiki ile ya uhuru yeye na wenzake waliyasawazisha matuta yote ya upande huu wa Vugiri kwa ngoma na nyimbo. Nami nilicheza, sifichi.

Tope la juzi lilikuwa limefika dirisha la mama yake, bibi Mwantumu, asiyetembea tangu apooze.

"Mama atahamia chumbani kwetu," alisema.

"Na tope likifika chumbani kwetu?"

"Mhina!" bibi aliita kutoka ndani. Kumbe alikuwa anasikia. "Baba yako alikataa kulazimishwa. Mimi nakuomba tu. Kama hutaki, nichimbie kaburi. Jembe ni lile lile."

Wingu lilikuwa linashuka kutoka Lutindi. Mahindi yalikuwa yanaanza kubeba.

"Lazima ing'oke mistari minne," nilimwambia, "tuta lipite kukinga maji, juu yake tupande matete."

"Tutakula nini?"

"Kidogo."

Aliingia ndani, akatoka na jembe. Alipanda mteremko, akang'oa bua la kwanza pamoja na hindi lake changa, akalilaza chini, akaanza kuchimba. Nilimfuata nyuma nikichomeka matete kwenye udongo alioupandisha. Tone la kwanza likanipiga shingoni.

Safari hii hakuna aliyeimba.