Midomo ya Mama Clara

"Shoga, hebu niambie mie ukweli. Hicho kitambaa unakisomeaga nini?"

Aliyeuliza ni Thuraya, mwenye duka la kona kule Madale, siku Atuganile alipomfunga bandeji binti mmoja wa timu ya shule kwenye benchi la duka lile. Thuraya alikuwa ameiona midomo ya mwenzake ikichezacheza kila kitambaa kilipozunguka kifundo cha mguu. Ukweli ulikuwa mwepesi kama unyoya: Atuganile alikuwa akihesabu mizunguko, asije akakaza mno damu ikakosa pa kupita. Lakini alikuwa mjane, matroni wa bweni la shule hiyo, na ilikuwa zamani mtu kumtazama kwa macho ya kicho namna ile. Akacheka.

"Ya Mungu ni mengi, jirani."

Neno likishatoka halifungwi kamba. Kesho yake binti yule alifunga mabao mawili, na tangu hapo hakuna mchezaji aliyekubali kuingia uwanjani bila kupita mikononi mwa Mama Clara, kama walivyomwita. Hata kipa, asiye na mchubuko, alinyoosha mguu wake kwenye foleni. Wote waliitazama midomo yake, na timu ikawa haifungwi. Mwanzoni jambo lile lilimpendeza. Kila usiku aliungama makosa yake mbele za Mungu, madogo kwa makubwa, ila hilo aliliruka kama dimbwi.

Sasa walikuwa Chamazi, siku ya fainali, katika darasa walilopewa kubadilishia nguo, na dimbwi lilikuwa limejaa hadi shingoni.

Goti la Gladness, mshambuliaji wao, lilikuwa limeteguka mazoezini wiki ile. Atuganile alilishika, akalisukuma taratibu kama alivyofundishwa kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, nalo likateleza mbele kama droo isiyo na kizuizi. Alimjua dada mmoja aliyecheza na goti la namna hiyo. Leo hii anashuka ngazi kwa makalio. Akaenda kwa mwalimu Venance, kocha wao, akamweleza hali ya goti. Mwalimu alimsikiliza kwa adabu, akasema binti mwenyewe anadai amepona, na kwamba yeye si wa kumzuia. Kama Mama Clara anaona hafai, basi asimfunge. Asipofungwa hatacheza, hilo linajulikana. Kisha akaongeza, kama anayeaga tu, kwamba akimnyima mmoja atakuwa amewanyima wote.

Ndipo Atuganile alipoona kuwa uzi alioutoa kinywani mwake kwa kicheko ulikuwa umemfunga yeye, tena kwa fundo asilolijua.

Wenzake walipotoka kwenda kupasha misuli, Gladness alibaki amekaa juu ya dawati, mguu ameunyoosha.

"Mama Clara, leo umeniweka wa mwisho kama bibi harusi."

"Leo sikufungi, mwanangu."

Binti akacheka, halafu akaacha. "Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Goti hilo halijashikana. Ukigeuka nalo kwa kasi, kilichobaki ndani kitakatika, na hutakimbia tena."

"Si ndiyo maana nataka unifunge? Wewe ukishasoma zako, mie sisikiagi maumivu kabisa."

Nje ngoma za mashabiki zilikuwa zimeanza. Atuganile aliiviringisha bandeji mkononi, akaiviringua. Mlango wa kutokea ulikuwepo, tena wazi. Angesema tu: nimeomba, nimekataliwa. Maneno mawili, na binti huyu angevaa ndala zake akae benchi bila kinyongo, goti likapona. Uongo uleule uliomwingiza ndio ungemtoa. Lakini jina la kuutilia muhuri uongo huo lilikuwa la Mungu, halikuwa lake. Alilitia mara moja kwa mzaha. Leo angelitia kwa macho makavu.

"Gladi," alisema hatimaye, "mimi sisomi kitu. Nahesabu. Moja, mbili, tatu, basi. Nahesabu nisikaze sana."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Alingoja machozi, au hasira. Alikuwa tayari hata kwa tusi. Alichokiona kilimtisha zaidi. Uso wa binti ulifunguka polepole, kama wa mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima akaukuta mfukoni mwake.

"Kumbe muda wote huo," Gladness alisema kwa sauti ya chini, "aliyekuwa anakimbia ni mie mwenyewe."

"Sivyo nilivyomaanisha, mwanangu. Goti..."

Gladness alikwisha kuichukua bandeji mkononi mwa Atuganile, kwa upole, kama mtoto anavyompokea mama mzigo. Akaanzia chini ya goti akipanda, kitambaa kikilalia nusu ya kitambaa, bila kosa hata moja. Alikuwa ameutazama mkono wa Mama Clara msimu mzima. Alihesabu kwa sauti. Atuganile alitaka kuushika mkono wa binti, nao wake ukabaki juu ya gauni, umekufa. Midomo yake ilikuwa ikicheza, na safari hii haikuwa ikihesabu.

Filimbi ikalia. Gladness akashuka dawatini, mguu mzima ukitangulia, akakung'uta bukta yake, akatoka kuelekea uwanjani.