Vidonge Kwenye Leso

...na daktari anauliza tena, kwa upole uleule unaomfanya atamani kujifunika shuka hadi utosini, "Dada, vidonge ulikuwa unameza kila siku?" na kabla hajafungua mdomo mama mkwe ameshamjibia, "Kila siku, daktari, namsimamia mwenyewe kama askari," na ni kweli alimsimamia, maskini, bilauri ya maji mkononi, ila akigeuka tu kumchukua mtoto, yeye alivitema kwenye leso, wiki tatu nzima, maana alikuwa ananyonyesha, aliogopa dawa itamfikia mtoto, na angeanzaje kumuuliza daktari mwanamume habari za maziwa yake, mbele ya mkwe... sasa anaona madaktari wawili, naye ni mmoja, miguu inayumba, ulimi mzito kama wa mlevi, vilevile kama mara ya kwanza, waliposema kinga ya mwili wake imemgeuka, inashambulia shina la ubongo hadi linavimba, kule kunakoongoza macho na kumeza na kupumua, ugonjwa adimu, wakamtundikia dripu siku tano, akainuka, akatembea, akambeba mwanawe bila kushikiliwa, wakampa vidonge ameze nyumbani ugonjwa usirudi... "Basi dawa imeshindwa," daktari anasema, "kama uvimbe umerudi na huku anameza, huenda si ugonjwa tuliodhani, huenda ni saratani, itabidi tutoboe fuvu tuchukue kipande tukapime, na pale, mama, si mahali pa kuchezea," na mama mkwe, akijifuta macho, "Toboeni, baba, mradi apone, huyu ni mwanangu," mwanangu, hajawahi kumwita hivyo, mbona leo, leo hii, akisema atamwaibisha askari wa watu mbele ya daktari, asiposema watamtoboa kichwa kutafuta kitu ambacho hakipo, dawa haikushindwa, haikufika tumboni, na maziwa yenyewe aliyokuwa anayalinda yamemkauka, mtoto yuko nyumbani na chupa... atanuna mama mkwe, atawahadithia mawifi, atasema mwaka mzima, "huyu alinifanya mimi mjinga," na yeye atakuwa wapi, si atakuwa palepale jikoni, amekaa, mzima, anamenya viazi, anasemwa, mtoto anamvuta nguo, asemwe tu, asemwe hadi wachoke... daktari bado ameinamia faili, mama mkwe bado anajifuta macho, na yeye anaulazimisha ulimi kwenye meno, sikuvimeza, neno litoke limepinda, litoke nusu, sikuvimeza, sikuvi...