Namba ya Mama

Uongo wenyewe ulikuwa wa neno moja tu. Profesa, kama walivyomwita nyumbani tangu alipovaa miwani darasa la tatu, alikuwa amerudi kutoka usaili wa kumi na nne, viatu vimemchubua visigino, na mama yake, fundi cherehani, yuko kitandani na presha yake. Mama akauliza, "Vipi, mwanangu?" Binti akamtazama, huruma ikamkaba, akajibu, "Nimepata." Alitaka kumalizia kwamba amepata matumaini, amepata ahadi, chochote kile. Wapi! Mama alikwisharuka kitandani anapiga vigelegele, na majirani wanajaa mlangoni. Ungekuwa wewe, ungeyarudishaje maneno?

Basi ndiyo hivyo, wiki ya saba sasa. Kila asubuhi Profesa anaoga, anavaa sketi aliyoshonewa, anaaga, halafu anakwenda kukaa hospitali kuu, kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje. Alipachagua kwa akili, maana hospitali hakuna anayemuuliza mtu kwa nini amekaa. Hapo ndipo anapojazia fomu za maombi juu ya mapaja, shahada yake ya kemia imelala kwenye bahasha. Mshahara je? Alisema yuko kwenye miezi mitatu ya majaribio, halipwi mpaka iishe. Mama akasema kazi kubwa huwa hivyo. Jamani, mama huyo aliamini kila kitu!

Jumatano ya wiki hiyo, Mungu akamkumbuka. Maabara ya kupima maji ilimwita kwenye usaili. Mkuu wa maabara, mama wa makamo mwenye sauti kavu, hakumuuliza anajiona wapi baada ya miaka mitano. Alimpa chupa ya maji ya kisima akasema, "Pima, niuone mkono wako." Mkono haukutetemeka hata kidogo. Yule mama akatazama majibu, akamtazama na mwenyewe. "Tutapiga simu Ijumaa kabla ya saa sita. Tutakayemchagua asaini siku hiyohiyo, Jumatatu nataka mtu kazini."

Kwenye fomu Profesa aliandika namba mbili, yake na ya mama, kwa sababu simu yake ilikuwa na betri iliyovimba na ilizimika ikijisikia. Mama akipokea atachukua ujumbe, basi, ndivyo alivyofikiri. Akaapa moyoni kwamba akiipata hii kazi atamweleza mama ukweli wote siku hiyohiyo, wacheke mpaka walie. Asipoipata, hakujua ataamkaje wiki ya nane.

Ijumaa saa nne, simu ikazimika. Akaibonyeza, akaipuliza, akatoa betri akairudisha, akaitukana kimoyomoyo. Akaenda dirisha la usajili kumwomba karani amchajie.

"Dada, hapa si kibanda cha kuchajia."

"Nakuomba, kaka yangu. Ni kufa na kupona."

"Hapa wote ni kufa na kupona," karani akasema, lakini akaichomeka.

Iliwaka saa saba na robo. Hakuna ujumbe. Alitaka kupiga, akaogopa kusikia hapana. Kisha akaikumbuka namba ya pili, akatoka mbio na sketi yake ya kazi.

Alimkuta mama barazani, cherehani imenyamaza, anacheka peke yake.

"Njoo, Profesa wangu, njoo ukae! Leo nimekupigania."

"Kuna nini, mama?"

"Wamepiga simu saa tano. Watu wa maji sijui, mama mmoja ana sauti kavu hiyo! Eti uende leo ukasaini. Nikamwambia, mwanangu mbona ana kazi yake, wiki ya saba hii? Walikuwa wapi wote hao ulipokuwa unasota? Mtu akishapata ndio wanajitokeza!"

Profesa akashika nguzo ya baraza. "Akasemaje?"

"Alishangaa, maskini. Akaniuliza mara mbili, 'Una hakika, mama?' Nina hakika, nimemzaa mwenyewe! Nikamwambia hiyo nafasi ampe mtoto wa mwenzangu ambaye bado anahangaika. Akasema hongera, atamwita aliyefuata."

Profesa akasema anakwenda chooni. Nyuma ya mlango wa bati akapiga namba ya maabara. Mkuu wa maabara akapokea.

"Mwanangu, mwenzako ameshasaini. Yuko hapa anajaribu koti. Kumbe ulikuwa unaitaka? Ningejua mimi..." Simu ikazimika.

Akauma kiganja ili kilio kisitoke. Alilia, wee, alilia binti wa watu mpaka miwani ikaanguka chini. Kisha akataka kutoka akamwage yote, liwalo na liwe. Akafika mpaka kwenye kitasa. Hapo akaona litakalofuata: mama akijua kwamba ni mdomo wake mwenyewe ulioifukuza kazi ya mwanawe. Na presha ile. Ukweli huo ulikuwa wa kusemwa jana. Leo ungemuua mtu.

Akanawa uso, akarudi barazani. Mama alikuwa amesimama na futi yake ya kitambaa shingoni, na kipande kipya cha bluu begani.

"Simama wima nikupime. Jumatatu sketi hiyo ya zamani hutoki nayo tena." Akamzungushia futi kiunoni, halafu akasita, akainua macho. "Nilimjibu vizuri, au nilikosea?"

Profesa akainua mikono apimike sawasawa.

"Ulimjibu vizuri, mama."